Likizo ya Agosti inanimaliza, na sasa hata kuomba siwezi

Bwana asifiwe, Mama Mchungaji.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, nimeolewa na tuna watoto watatu. Niliokoka nikiwa sekondari na ninampenda Bwana. Naomba ulijue hilo kabla hujasoma mengine.

Kila mwaka muhula wa pili ukikaribia kwisha naanza kuhesabu siku. Najiambia Agosti nitapumzika, nitasoma Neno, nitarudi darasani nikiwa mtu mpya. Kisha shule inafungwa Ijumaa, na Jumatatu asubuhi niko kanisani kwa wiki ya VBS, yaani shule ya Biblia ya watoto wakati wa likizo, maana mimi ndiye mwenyekiti wa shule ya Jumapili. Wiki inayofuata ni kambi ya vijana, na jikoni ni mimi. Jumamosi ni mazishi ushago, kama si Siaya kwa mume wangu basi Vihiga kwetu. Katikati hapo mahindi ya mama mkwe yamekauka na anatungojea tukavune. Mimi pia ni katibu wa kamati ya maendeleo, na kwa kuwa tunajenga, mikutano haiishi. Niko kwaya. Alhamisi ushirika wa nyumbani unakutana kwangu. Shule ikifunguliwa naingia darasani nimechoka kuliko siku tuliyofunga.

Mwaka huu mambo yamekuwa mabaya zaidi. Nikifungua Biblia ni kutafuta somo la watoto, basi. Nikipiga magoti maneno hayaji. Majuzi nililala katikati ya kesha, na dada mmoja akaja kuniwekea mikono akikemea pepo wa usingizi mbele ya watu wote. Nililia, wakadhani nimeguswa, kumbe ilikuwa aibu. Mahali pekee ambapo moyo wangu bado unayeyuka ni kwaya, tunapoimba zile nyimbo za zamani polepole.

Kuna mhubiri wa Marekani ninayemsikiliza kwenye simu. Siku hizi anafundisha jinsi Mkristo anavyoweza kuutumia msimu wao wa kiangazi kupumzika na kufanywa upya rohoni. Watu wanafunga safari kwenda ziwani, wanakaa na Biblia, wanalala. Nilimsikiliza nikiosha vyombo saa nne usiku. Mama, mimi naishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na sikumbuki mara ya mwisho nilipoketi ufuoni.

Rafiki yangu ananisihi twende mlima wa maombi tufunge siku saba kavu, bila chakula wala maji. Mume wangu anasema nilale tu. Mchungaji wetu ni mtu mwema na ananitegemea. Nikikataa kazi, watu watasema nimerudi nyuma, na kusema kweli naogopa huenda watakuwa wamesema ukweli.

Je, kuchoka namna hii ni dhambi? Nifunge? Na kama ni kupumzika, niache nini, nimwambieje mchungaji, niende wapi na pesa za hoteli hatuna?

Mwalimu, Kisumu

*

Asifiwe, Mwalimu.

Usiende kufunga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lenye haraka. Siku saba bila maji zinaweza kumwua mtu mwenye afya kamili, na wewe umeniandikia kama mtu ambaye mwili wake umeishiwa nguvu zamani. Kufunga ni jambo jema, nami hufunga. Lakini upo wakati ambapo Mungu mwenyewe humpa mtumishi wake chakula na kumwambia ale.

Soma tena 1 Wafalme 19, na safari hii usiisome kwa ajili ya somo la watoto. Eliya alikuwa ametoka Karmeli, ambako moto ulishuka mbele ya taifa zima. Baada ya ushindi ule alikimbia kwa hofu mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Huyo ni nabii, na wala hakuwa amerudi nyuma. Sasa angalia Mungu alivyomjibu. Eliya alilala usingizi. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilimzidi nguvu. Ni baada ya hapo tu ndipo alipotembea siku 40 hadi Horebu, na ni huko Horebu alikosikia ile sauti ndogo ya utulivu. Kabla ya sauti kulikuwa na usingizi, mkate, usingizi tena, mkate tena. Chini ya ule mti hakuna pepo aliyekemewa.

Kwa hiyo, mwanangu, kuchoka kwako si dhambi, na kule kulala katika kesha kulikuwa mwili ukidai haki yake. Yule dada alikuwa na nia njema, msamehe. Ila mume wako ndiye aliyekupa shauri la malaika, umsikilize.

Kabla sijaenda mbali: nenda hospitali kwanza. Mwanamke wa Kisumu anayechoka miezi mfululizo apimwe malaria, damu, presha na sukari kabla ya mtu yeyote kumweleza habari za roho yake. Na kama zaidi ya usingizi kuna usiku unaoona afadhali usingekuwepo, au furaha imekukimbia kwa majuma mazima hata watoto wako hawakuchangamshi, mwambie daktari hivyo hivyo bila kupunguza neno. Imani haikatazi jambo hilo.

Sasa huyo mhubiri wako. Anachofundisha si kibaya, lakini kinatoka katika nchi yenye mpangilio mwingine wa mwaka. Kwao Juni mpaka Agosti jua hukawia kuzama, shule hufungwa kwa zaidi ya miezi miwili, na karibu kila kitu katika jamii kinapungua mwendo kwa pamoja. Mtu akisema anapumzika, majirani nao wanapumzika. Sisi tuko kwenye ikweta. Mstari wenyewe unapita Maseno, si mbali na kwako. Jua letu linachomoza na kuzama karibu saa zilezile Januari na Agosti, na hakuna majira yanayokuja kutuambia tuweke jembe chini. Kinyume chake, Agosti huku kwetu ni mwezi wa kazi: mahindi yanavunwa, vijana wa Bungoma, mwaka wao ukifika, wanapashwa tohara, familia zinatumia likizo ya watoto kupanga mazishi, harambee na harusi. Ukingoja majira yakupumzishe utangoja mpaka ustaafu.

Ndiyo maana naona sisi wa huku tunaihitaji zaidi ile siku ya saba. Mungu hakuifunga pumziko kwenye msimu wa nchi yoyote, aliiweka ndani ya juma, na juma liko Kisumu kama lilivyo Chicago. Na wewe, Mwalimu, huna siku ya saba. Siku tano uko shuleni, Jumamosi uko kwenye mazishi, na Jumapili, ambayo wenzako wanaiita siku ya mapumziko, wewe uko kazini tangu asubuhi mpaka kikao cha kamati kiishe jioni. Wiki tatu za likizo haziwezi kulipa deni la namna hiyo, hata ungezilala zote. Pumziko la Agosti liwe mwanzo wa siku utakayoilinda mwaka mzima.

Unaogopa watakachosema watu. Katika Kutoka 5, Waisraeli waliomba ruhusa ya kwenda jangwani kumwabudu Mungu wao, na jibu la Farao lilikuwa kwamba ni wavivu. Akawanyima majani ya kutengenezea matofali na idadi ya matofali isipungue. Mchungaji wako si Farao, wewe mwenyewe umesema ni mtu mwema. Lakini ile sauti inayokuita mvivu kila unapotamani kukaa na Mungu, iwe inatoka kwa watu au ndani ya kichwa chako, haijawahi kuwa sauti ya Mungu. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu anayoitoa ya siku ya pumziko ni hii: mlikuwa watumwa Misri, nami nikawatoa. Mtumwa hana siku yake. Wewe unayo.

Sasa niache nini, umeuliza. Nitakujibu waziwazi, na wewe utapima.

Kwaya, usiiache. Umesema ndipo moyo wako bado unayeyuka, basi hapo ndipo Bwana anapokutana nawe kwa sasa. Wengine watakushauri uache kila kitu, mimi sikubaliani nao. Mtu mkavu hazibi kisima pekee kinachotoa maji.

Ukatibu wa kamati ya maendeleo, uache kabisa, si kwa mwezi mmoja. Si kwa sababu ujenzi ni jambo dogo. Ni kwa sababu kazi ya kuandika kumbukumbu za kikao anaweza kuifanya kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne, na hapo kanisani kwenu najua wako, wameketi viti vya nyuma na simu zao, wakingoja mtu awaite. Jikoni la kambi ya vijana vilevile. Vijana wa kambi wana mikono, wapike kwa zamu.

VBS ndiyo itakayokuuma, maana unawapenda watoto. Mwaka huu usiiongoze. Andaa masomo mapema mwezi wa saba kama unataka, wakabidhi walimu wadogo, kisha ukae nyumbani wiki hiyo. Utashawishika kupitia pale kuwaangalia tu. Usipitie. Eliya alimwambia Mungu kwamba amebaki yeye peke yake, na Mungu akamjibu kwamba wako 7,000 ambao hawajampigia Baali goti, tena akamwonyesha Elisha wa kumwachia kazi. Miaka yote niliyolea akina mama kanisani, sentensi iliyowamaliza wengi ni hii, "nisipofanya mimi hakuna atakayefanya". Mara nyingi atakayefanya yupo. Hajapewa nafasi kwa kuwa tumeikalia.

Ushirika wa Alhamisi uhamie nyumba nyingine mwezi mmoja. Wewe uende kama mgeni, unywe chai ya mwenzako.

Mazishi ni jambo gumu zaidi, na simwamini anayetoka mbali akasema "usiende". Huku kwetu mtu asiyezika hazikwi. Mazishi ya damu yako, ya jirani wa ukuta kwa ukuta, na ya mtu wa ushirika wenu, nenda. Yale mengine, tuma mchango wako Alhamisi, ubaki nyumbani Jumamosi, halafu baada ya wiki tatu au nne umtembelee mfiwa siku ya kawaida. Nimekaa na wajane wengi. Siku ya mazishi boma lina watu wa kujaza uwanja, mahema, vipaza sauti, sufuria kubwa, na mjane mwenyewe hata haoni nani amekuja. Mwezi mmoja baadaye geti liko wazi na hakuna anayeingia. Ukija wakati ule na kilo mbili za sukari na muda wa kusikiliza, utakuwa umemfariji kuliko angekuona kwenye umati. Na kuketi naye kimya kunaweza kuwa ibada yako ya siku hiyo.

Kwa mama mkwe, nenda, tena nenda kwa furaha, lakini badilisha namna. Usiende Jumamosi na gari la watu ukageuka mpishi wao. Nenda Jumanne na watoto, mlale huko siku mbili tatu, simu ikae kwenye mkoba. Mwalimu kichwa chake ndicho kilichochoka. Kuvunja mahindi asubuhi na kuyapukuchua jioni na mama mzee anayesimulia habari za zamani kunakipumzisha kichwa kuliko runinga. Watoto wako wabebe magunia, wamefika umri huo.

Mchungaji umwone ana kwa ana. Usimwandikie ujumbe wa simu saa tano usiku, na usingoje likizo ianze, nenda mwezi wa saba. Sema maneno machache: "Mchungaji, nimechoka mwili na roho. Agosti hii nitapumzika. Ukatibu naukabidhi. VBS fulani na fulani wako tayari kuiongoza, nimeongea nao." Kisha unyamaze. Usianze kueleza na kuomba radhi mpaka akuhurumie au akubembeleze, maana akikubembeleza utakubali. Mchungaji mwema akiletewa majina mawili mkononi atashukuru. Na kama atauliza Maandiko yanasema nini, mpe Marko 6:31, pale Yesu anapowaambia mitume waliotoka kazini, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Walikuwa na kazi nyingi hata nafasi ya kula hawakuwa nayo.

Endelea kuisoma sura hiyo, kwa sababu itakusaidia likizo itakapovurugika, na itavurugika. Walipanda mashua kwenda kupumzika, na umati ukawatangulia kwa miguu. Yesu hakuwafukuza watu. Aliwahurumia, akawafundisha, akawalisha wanaume 5,000. Wengi tunaishia hapo na kusema, unaona, hata Yesu hakupumzika. Lakini jioni ileile aliwalazimisha wanafunzi wapande mashua, akaagana na umati, akaenda mlimani peke yake kuomba. Mpango ulivurugika mchana, akaurudia usiku. Kwa hiyo Jumatatu yako ikichukuliwa na msiba wa ghafla, usiseme likizo imeharibika. Irudishe Jumanne.

Uniruhusu niguse jambo ambalo hukuliuliza. Kama una dada anayekusaidia kazi za nyumbani, amri ya nne inamtaja pia mtumishi wa kike, imemtaja waziwazi. Na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo. Usipumzike kwa mgongo wake. Siku yake ikifika, mume na watoto wapike. Ugali na omena haviwashindi.

Pa kwenda pako, tena bila hoteli. Siku mbili tatu kwa juma amka mapema uende Dunga, pale ufuoni mwa ziwa. Ukifika jua linapochomoza utakuta mashua za omena zinarudi, maana wavuvi hao hukesha majini na taa zao. Pita kwenye lile daraja la mbao linaloingia ndani ya mafunjo, usimame tu usikie ndege. Beba uji kwenye chupa. Usibebe daftari, na usipige picha ya kutuma kwenye kundi la akina mama. Siku nyingine, ukipata nauli, panda matatu ya Kakamega, shuka Khayega, uchukue boda kupitia Shinyalu hadi Isecheno, uingie msitu wa Kakamega na mwongozaji. Wahi asubuhi, Agosti mvua ya huko haikosi mchana. Mume wako aende nawe, naye amechoka hata kama hajaandika barua.

Na kuomba. Maneno hayaji, basi usiyatafute kwa sasa. Chukua Injili ya Marko, sura moja kwa siku, ina sura 16, itaisha kabla shule haijafunguliwa. Isome kwa sauti, kwa lugha aliyokuombea mama yako ukiwa mdogo, si kwa lugha unayofundishia. Usiandike pointi. Ukimaliza, kaa kimya muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, simu ikiwa chumba kingine. Kama usingizi utakuchukua hapo kwenye kiti, lala. Zaburi 127 inasema juu ya Bwana, "Yeye humpa mpenzi wake usingizi." Usiku omba sala moja tu, Baba Yetu, taratibu, na mume wako. Wiki ya kwanza pengine hutahisi lolote. Usiongeze juhudi. Wiki ya pili au ya tatu njaa ya Neno itaanza kurudi yenyewe, na ukiiona imerudi usikimbilie kuifundisha. Kula wewe kwanza.

Shule ikifunguliwa, chagua siku yako ya juma. Ningekushauri Jumapili tangu chakula cha mchana mpaka kulala, kwa kuwa kamati utakuwa umeiacha. Kula na watoto wako, lala, nendeni mkatembee. Madaftari ya kusahihisha yabaki shuleni Ijumaa. Mwambie mume wako ndiye mlinzi wa saa hizo: simu zikipigwa apokee yeye, aseme utapatikana kesho.

Jumapili hii, kabla hujavua nguo za kwaya, waone wale walimu wawili wadogo unaowafikiria. Wakikubali, mwone mchungaji siku hiyohiyo. Hospitali uende Jumatatu baada ya vipindi vya asubuhi, ukamwombe mwalimu mkuu ruhusa mapema. Mwisho wa Septemba uniandikie nijue daktari alisema nini na Marko umefika sura ya ngapi.

Wako katika Bwana,
Mama Mchungaji